Magongo Manane ya Kanisa

Inatangazwa kwa wote wenye masikio, pamoja na wale walionayo kwa mapambo tu, kwamba Jumamosi, tarehe 8 Julai 2017, saa moja kasorobo asubuhi, kanisa kuu lenye madirisha ishirini na mnara wa fahari liliporomoka huko Troyeville, Johannesburg. Hakuna aliyeumia. Kanisa lilikuwa la biskuti za tangawizi, na lilikuwa juu ya meza ya kulia chakula.

Hata hivyo, kulikuwa na kitu cha kuumia, nacho ni posa. Siku hiyo, saa sita mchana, ukoo wa Moffat kutoka Kenya ulikuwa uje kumposa Léocadie, binti wa Lubumbashi. Koo hizo mbili zilikuwa zimekubaliana juu ya kila jambo isipokuwa kanisa la kufungia ndoa. Mama Nyaboke, mama yake Moffat, mwalimu wa chuo kikuu, alitaka lile la mjini lenye matao yaliyochongoka. Tonton André, yaani mjomba André, mwenye nyumba hiyo, aliyewalea Léocadie na mdogo wake Gaëlle, alitaka lile la Bertrams lenye matao ya duara na kuta nene kama ngome. Moffat, ambaye ni msanifu wa majengo, alishauri kila upande ujenge kanisa lake kwa biskuti, wageni wapige kura. Lilikuwa wazo zuri mpaka saa moja kasorobo.

Mama Nyaboke ndiye aliyeikuta maiti. Alikuja na Moffat kumalizia mapambo, akafungua mlango wa sebule, akasimama. Kanisa lake lilikuwa lundo la vipande. Pembeni, kanisa la André halikuwa limetikisika hata kidogo, lango lake wazi kama linalokaribisha wageni.

"Jana huyu mzee aliliita langu kanisa la magongo," alisema kwa sauti ya chini. "Leo limevunjwa. Moffat, wapigie wazee simu wasije."

"Mama, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Wavunje na gari?"

Hapo ndipo alipojitokeza Gaëlle, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo, mshindi wa pili wa insha za shule. Alikuwa ameshavaa tai ya shule juu ya nguo za kulalia, ili sheria iheshimiwe.

"Mama Moffat, nipe mpaka saa nne," alisema. "Nitakuletea mhalifu akiwa na jina lake lote."

Mama Nyaboke alimtazama toka tai hadi kandambili. "Saa nne. Si saa nne na dakika moja."

Gaëlle alifungua daftari, akaandika majina ya wote waliokuwa na ufunguo wa nyumba: André, Léocadie, jirani Kidawa, Gaëlle. Kisha akaanza kazi.

Saa 1:10, chumba cha nyuma. Tonton André, mlinzi wa ofisi moja Marshalltown, alikuwa ameketi kitandani na sare yake ya kazi, buti moja mguuni.

"Tonton, ulisema nini jana jioni juu ya kanisa la Mama Moffat?"

"Nilisema kanisa ya kusimama na magongo iko mugonjwa. Watu walicheka. Weye pia ulicheka, tena ulicheka kupita wote."

"Anayehojiwa ni wewe."

"Eish. Basi andika, polisi. Miye nilitoka kazi saa kumi na mbili kamili. Daftari ya kazi iko na sahihi yangu, na ya mwenye alinipokea. Nilifika hapa saa kumi na mbili na nusu, nikapita jikoni, nikalala. Kidawa aliniona." Akavua ile buti. "Mutoto, miye ni mwana wa mwashi. Naweza kucheka nyumba ya mutu. Kuivunja, hapana. Uambie Mama yule vile."

Saa 1:35, jikoni. Kidawa, jirani kutoka Tanzania, mpishi wa siku hiyo, alikuwa akichambua mchele wa pilau.

"Niliingia saa kumi na mbili," alisema. "Nikapitia sebuleni kuchukua masufuria. Baridi ilikuwa inauma, nikawasha hita ya gesi, nikarudi huku. Shemeji André kaingia baadaye, kaenda moja kwa moja chumbani, nilikuwa nimekaa hapa hapa kwenye njia."

"Saa kumi na mbili, kanisa lilikuwa limeanguka?"

"Lilikuwa limesimama. Ila nililiona jembamba."

"Jembamba vipi?"

"Kama mtu aliyetoka kuugua. Na wewe jipanguse mdomo, mwanangu, mpelelezi hafanyi kazi na makombo."

Gaëlle aliandika neno "jembamba" na kulipigia mstari. Kisha akajipangusa.

Saa 2:20 Léocadie alirudi kutoka Bertrams, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Alikuwa ameondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwa msusi. Kabla ya kutoka aliyapiga picha makanisa yote mawili. Alimpa mdogo wake simu, akaketi chini ukutani.

"Yaya, dada yangu, usilie."

"Silii. Nahesabu miaka. Minne nimemngoja Moffat amalize masomo. Sasa posa inaharibikia kwa biskuti."

Gaëlle aliinamia picha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo tai ilimbana.

Saa 3:05, eneo la tukio. Moffat alikuwa amepiga magoti mezani, akivipanga vipande kimoja kimoja.

"Tazama," alisema. "Mtu akipiga kanisa kwa ngumi, kuta zinaangukia ndani. Hizi zimeangukia nje, zote mbili, kama mlango wa kabati. Hakuna aliyelipiga. Limejisukuma lenyewe."

"Kanisa linajisukumaje?"

"Paa la matao ni zito, linasukuma kuta kwenda pembeni. Wajenzi wa kale walilijibu jambo hilo kwa namna mbili. Wa kwanza, wa matao ya duara, walinenepesha kuta na kupunguza madirisha. Ndani giza, lakini haliendi popote. Ndilo la Tonton. Mtindo huo huitwa Kiromaneski. Waliofuata walitaka mwanga. Wakachongoa matao, ukuta ukawa karibu wote dirisha. Uzito wakaubebesha mikono ya mawe iliyolishika kanisa kwa nje, ile Tonton aliyoiita magongo. Huo ni Kigothi, ndilo la Mama." Alihesabu tena kwa kidole. "Kila kipande kipo hapa isipokuwa mikono. Ilikuwa minane. Picha ya Léo inayo yote. Aliyeiondoa aliliua kanisa, na hita ikamalizia kwa kuilegeza sukari iliyoviunga vipande."

Gaëlle aliandika sentensi hiyo. Akaikata. Akaomba maji.

"Ile mikono," aliuliza polepole, "haikuwa ya kuondolewa sukari ikishakauka?"

"Kwa nini iondolewe?"

"Mgonjwa akipona, magongo hutupwa."

Moffat alimtazama. Kisha akarudia vipande vyake.

Saa nne kamili wote walikuwa sebuleni. Mama Nyaboke alikuwa na mkoba begani tayari. Gaëlle alisimama mbele yao na daftari, akasoma ushahidi wote kwa sauti ya kuhani. Saa kumi na moja mikono ilikuwapo. Saa kumi na mbili kanisa lilikuwa jembamba, na wakati huo Tonton André alikuwa Marshalltown akitia sahihi. Tonton hana hatia. Alifunga daftari.

"Na mhalifu?" aliuliza Mama Nyaboke.

"Upelelezi bado unaendelea."

"Lete hilo daftari." Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza. "Majina manne. Waliohojiwa kati yao ni watatu. Mimi husahihisha mitihani, msichana wangu, na swali lililorukwa ndilo ninalolitazama kwanza. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, Léocadie yuko kwa msusi, mzee yuko kazini, Kidawa hajafika. Nyumbani alikuwa nani?"

Wote walimgeukia Gaëlle.

Gaëlle angeweza kumsingizia paka wa jirani. Alimfikiria kwa dhati. Kisha akamwona dada yake na nusu yake ya nywele, akavua tai.

"Ni mimi. Bwenini tunaamka saa kumi na moja na nusu kula uji, na tumbo halijui likizo. Niliona magongo, nikadhani kanisa limeshapona. Nilikula yote manane. Nilipoanza kuwahoji sikujua kwamba ni mimi, nilijua saa tatu na dakika tano. Mama Moffat, Tonton hakukukosea. Tafadhali usiondoke."

Mama Nyaboke aliushusha mkoba begani. Akamgeukia André.

"Mzee, nilikushuku bure."

"Na miye nilicheka kanisa yako bure." André aliisogelea meza, akaokota ukuta mmoja wenye madirisha, akautazama mwanga ukipita kwenye vioo vya sukari. "Mama, tuwaoze kwa ile yako. Hii yangu inasimama peke yake, haiombe mutu. Yako inaomba watu pembeni wasukume. Ndoa ni ile."

"Tutasukuma upande gani?"

"Weye kule, miye huku."

Mama Nyaboke alicheka mpaka akavua miwani. Kufikia saa sita, kuta za madirisha zilikuwa zimesimamishwa juu ya kuta nene za André. Moffat aliapa kwamba makanisa mengi ya kale ni hivyo hivyo, duara chini na ncha juu, kwa kuwa ujenzi ulidumu kuliko wajenzi. Wazee walipofika walisema hawajaona kanisa zuri kama lile, wakalila. Posa ikapokelewa.

Gaëlle alihukumiwa kuandika tukio lote, ajiite "yeye" ili ajione kama wenzake wanavyomwona, na asifiche kitu. Aliandika. Tonton André akasoma mpaka hapa, akachukua simu ya Léocadie, akaikuza picha ya alfajiri.

"Mwandishi," alisema, "hapa kanisa yangu iko na mulango. Asubuhi umeandika lango wazi. Mulango ilienda wapi?"

Mwandishi alitazama dari. Dari haikumsaidia.

Niliula mimi, Tonton. Nilianza na huo.