Lipu ya Siku Nne

Ndugu zangu wa Chole na Mafia nzima, hasa nyinyi mnaokaa katika nyumba za mawe mlizoachiwa na wazee, tulieni niwape habari ya nyumba ya Abeid wa Chole. Sisemi ili kumwaibisha mtu. Nasema kwa sababu nina watoto, nanyi mna watoto, na kuta zetu ni hizo hizo.

Asubuhi moja Mize, mke wa Abeid, alikuwa barazani na mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu, wanasuka ukili wa mkeka. Chai imeshanywewa, upepo mzuri, popo wananing'inia kwenye miti yao. Bi Mwanamkuu, ambaye uzee ulikuwa umemlemea miguu, alikuwa akimcheka mkwewe.

"Mwanangu, unakaza ukili kama unafunga mbuzi!"

Ndipo akapita mtembeza wageni mmoja na Wazungu sita nyuma yake. Akaunyooshea kidole ukuta wa mbele, uliomenyeka lipu mpaka mawe yakawa nje, akasema, "Na hili ni gofu jingine la kale."

"Gofu liko kwenu!" Bi Mwanamkuu akamrukia. "Umeona wapi gofu linakunywa chai?"

"Shikamoo bibi, samahani bibi," yule bwana akababaika, lakini picha zilikuwa zimeshapigwa.

Mize alicheka mpaka akashika mbavu. Abeid, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Ilimwingia. "Nyumba ya babu yangu inaitwa gofu na mimi nimo ndani," alisema. "Kabla mwezi haujaandama nyumba hii itang'aa."

Kutengeneza nyumba si kosa, naomba tuelewane. Kosa linakuja.

Akaitwa Evaristo, fundi wa bara aliyekuja kujenga madarasa, na kabla ya hapo aliwahi kutengeneza majumba ya zamani kule Kilwa. Akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio.

"Mzee, hapa kuna mawe, udongo na chokaa," alisema. "Irudishie chokaa yake. Tuiloweke shimoni miezi mitatu iwe laini kama samli, halafu tupige lipu nyembamba nyembamba. Simenti usiiguse. Ukuta huu unapumua. Unyevu ukipanda kutoka chini unajitokea wenyewe. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani na kuula udongo."

"Unapumua? Una pua?" Abeid aliuliza, na waliokuwa barazani wakaangua kicheko.

Hata hivyo shimo lilichimbwa nyuma ya jiko. Mize ndiye aliyechota maji ya kulowekea chokaa, ndoo baada ya ndoo, na kuifunika makuti. Siku ya kumi na saba Abeid akafunua, akachungulia, akatema mate pembeni.

"Miezi mitatu! Chokaa hii imeachwa na mumewe, inakaa eda?"

Kesho yake akamwacha Evaristo, akamleta fundi mwingine, Jumanne, aliyeahidi kumaliza kwa siku nne. Simenti ikashushwa. Mchanga ukachotwa hapo hapo pwani, haukuoshwa hata kwa ndoo moja, chumvi yake imo. Mize akajaribu.

"Baba Umi, lakini fundi alisema..."

"Fundi alisema, fundi alisema! Fundi ndiye mumeo?"

Akanyamaza. Wanawake wenzangu, pashikeni hapo. Alinyamaza.

Siku ya nne nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, laini kama yai. Watu walikuja kutoka hata Jibondo kuitazama. Abeid akapanga viti sebuleni kwa ajili ya wageni, mabega yamempanda. Jumanne akapata kazi nyingine mbili kwa sifa za ile nyumba.

Masika ikaingia. Nje, ukuta haukuwa hata na ufa wa unywele. Ndani, chumbani kwa Bi Mwanamkuu, ukaanza kutoa jasho. Mize alipotandika kitanda cha mama mkwe wake alikuta shuka imejaa unga unga uliotoka ukutani. Akaukusanya kiganjani, akampelekea mumewe.

"Vumbi," Abeid alisema. "Fagia."

Wiki ya pili rangi ya ndani ikavimba malengelenge. Mize akaenda tena. Abeid akanunua kopo la rangi, akapaka juu ya malengelenge. Naapa, akapaka juu yake!

Mara ya tatu Mize alimshika mkono mumewe akamwingiza chumbani. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo, juu kidogo ya kitanda.

"Tumhamishie mama sebuleni," alisema. "Leo hii, baba Umi. Nakuomba."

"Alazwe sebuleni kama maiti, na wageni wanakuja? Watauliza chumbani kuna nini. Nitawajibu nini?"

"Utawajibu ukuta una tumbo!"

"Wewe mwanamke unaitafutia kasoro nyumba yangu tangu siku ya kwanza."

Bi Mwanamkuu naye akadakia, "Niacheni chumbani mwangu. Humu ndimo nilimozaa, sigombaniwi kama samaki mnadani."

Mize akabaki amesimama, mkono uko kwenye mbao za kitanda. Alikuwa na nguvu za kukivuta. Jirani wa kumsaidia alikuwepo. Akauondoa mkono wake, akaenda jikoni kupika.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, wanaume wako msikitini, mvua imekatika na jua linawaka, Mize alisikia kishindo na vumbi likamfuata mpaka jikoni. Ukuta umeshuka ndani, na boriti mbili pamoja nao. Alichimba kwa mikono huku akipiga ukunga wa kuita watu. Udongo ulikuwa tope tupu, mbichi kama uliofinyangwa asubuhi ile. Ile lipu ya simenti iliangukia juu ya tope hilo vipande vipande vikubwa kama milango.

Bi Mwanamkuu alitolewa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika. Wakamvusha kwa boti, wakampeleka Kilindoni, na kutoka hapo Dar es Salaam, ambako madaktari waliukata chini ya goti.

Abeid alikaa kwenye benchi la hospitali siku nzima bila kutia kitu kinywani. Jioni akasema, "Mama Umi, uliniambia."

"Nilikwambia," Mize alijibu. "Nilikwambia mara tatu, nawe ukanishinda mara tatu. Lakini kitanda hakikunishinda, baba Umi. Kile niliweza kukivuta, nikakiacha. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."



FUNDISHO

Nyumba ya mawe na chokaa itengenezwe kwa chokaa, na aliyesema miezi mitatu asubiriwe miezi mitatu. Enyi wanaume, msione haya ya wapita njia mkasahau wanaolala ndani. Mkeo akikuletea unga wa ukuta kiganjani, usimwambie afagie. Nenda ukaangalie.

Na wewe mwanamke mwenzangu, kusema si mwisho wa kazi. Umeona hatari, umesema, hukusikilizwa? Mhamishe mtu kwanza. Wakasirike, wakutukane, wakuite kichwa kigumu. Mgomvi wako akiwa mzima mtapatana. Mguu wa Bi Mwanamkuu haurudi.

Leo, kabla ya kupika, ingia chumba wanacholala watoto wako. Weka kiganja ukutani. Ukikuta umande, toa kitanda.