Dawa Inayochoma Macho

Mama alikuwa anamenya viazi binti yake mkubwa alipoingia, macho mekundu kama pilipili.

"Umelia tena? Nani kakuudhi?"

"Hakuna mtu, mama. Ni ile dawa ya darasani."

Binti alikuwa anasomea udaktari. Yeye na wenzake walijifunza viungo vya mwili kwa kupasua maiti. Maiti hizo hutiwa fomalini zisioze. Harufu yake iliwachoma macho na kuwakereketa koo. Lakini nani angelalamika? Kila mmoja aliogopa kuitwa dhaifu.

Akaingia chumbani mwake, akatundika koti la maabara ukutani. Chumba hicho alilala na mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa kuongea kutwa nzima. Chiriku alikuwa na pumu.

Kabla ya chakula kuiva, Chiriku alinyamaza ghafla mle chumbani. Kifua kikalia filimbi. Mama akamshika, akamwachia, akamshika tena.

"Dawa yake ya kuvuta iko wapi? Jamani, ileteni!"

Dada mtu akakimbia kumwita muuguzi, jirani yao. Muuguzi akamketisha Chiriku wima, akamvutisha ile dawa, ambayo mama alikuwa ameshaipata. Taratibu pumzi ikarudi. Kisha muuguzi akanusa huku na huku.

"Hili koti limetoka wapi?"

"Darasani, shangazi. Kuna fomalini."

"Mwanangu, hiyo ni sumu! Mvuke wake huwasha macho na koo, na huweza kuamsha pumu. Ukiuvuta miaka na miaka, unaweza hata kukuletea saratani."

"Lakini huwa navaa barakoa."

"Barakoa hii ya kawaida haizuii mvuke, unapita tu. Kinachotakiwa kwanza ni hewa. Nyinyi mnafungua madirisha?"

"Yamefungwa, wapita njia wasichungulie. Na feni ya kutoa hewa imekufa zamani."

"Basi semeni! Mnangoja nini? Na muombe miwani ya kukinga macho na glavu. Koti lifuliwe hukohuko chuoni."

Asubuhi binti alizunguka nje ya ofisi ya mwalimu, akienda, akirudi. Mwishowe akaingia, wenzake nyuma yake, akaeleza yote.

Mwalimu akatabasamu. "Sisi sote tulisoma hivyohivyo." Halafu akakohoa, akakohoa, mpaka akashika meza.

"Na hicho kikohozi, mwalimu?" binti akauliza.

Mwalimu akaketi. "Siku zote nilidhani ni vumbi la chaki," akasema polepole.

Alifunga darasa mpaka feni itengenezwe. Vioo vya chini vya madirisha vilipakwa rangi, vya juu vikafunguliwa hewa ipite. Maiti zikawa zinasuuzwa kwa maji kabla ya somo, na sehemu isiyotumika inafunikwa. Makoti hayakutoka tena chuoni. Mwalimu mwenyewe akaenda kupimwa kifua.

Nyumbani, Chiriku akalala bila kifua kulia.

Darasa lilipofunguliwa, wanafunzi waliingia kwa wasiwasi, wakinusanusa. Hewa ilipita. Saa ya kutoka ilipofika, hakuna aliyekimbilia mlango. Walibaki wameuzunguka moyo wa maiti, wakiuliza maswali, mpaka mwalimu akawafukuza.