Miisho Saba ya Kisima Kinachocheka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi hufagia uwanja, huosha vyombo, kisha humsaidia mama yake kuviringisha karatasi za kufungia karanga. Mama huuza karanga za kukaanga pale stendi ya Bariadi. Karatasi zenyewe hutoka kwenye madaftari ya zamani ambayo majirani humletea. Shida ni kwamba Nyamizi hawezi kuona maandishi akayaacha. Husoma kila karatasi kwanza, ndiyo maana kazi ya dakika kumi humchukua nusu saa.

"Viringisha, mwanangu," mama humwambia. "Wateja wangu wanakula karanga, hawali hadithi."

Nyamizi yuko darasa la sita. Maktaba ya shule yao ni kabati moja la mbao ndani ya ofisi ya Mwalimu Milembe. Kwenye mlango wa kabati hilo zimebandikwa sheria mbili. Ya kwanza inasema kila anayerudisha kitabu ni lazima aandike maoni yake kwenye Daftari la Maoni, mistari isiyopungua mitano. Ya pili imeandikwa kwa wino mwekundu: atakayechana kitabu atanyang'anywa kadi ya maktaba hadi mwisho wa mwaka. Kwa Nyamizi, kunyang'anywa kadi ni sawa na kunyimwa chakula.

Jumatatu, baada ya kusubiri zamu yake wiki sita, alipata kitabu kilichokuwa kikigombaniwa na darasa zima. Kiliitwa Kisima Kinachocheka. Kilihusu wachungaji waliochimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kila walipoinama kuteka maji, walisikia kicheko kutoka chini, wakakimbia na kuwaacha ng'ombe na kiu. Msichana mmoja tu ndiye aliyetaka kujua ni nani anayecheka.

Jumanne jioni Nyamizi alikaa kwenye kivuli cha nyumba akisoma huku mwili ukimsisimka. Kisima kilicheka mara ya kwanza. Kikacheka mara ya pili. Msichana akafunga kamba kiunoni, akaanza kushuka, na kicheko kikasikika chini kabisa ya nyayo zake. Nyamizi akafunua ukurasa wa sitini na nne, akausoma wote, akafunua tena. Akakuta jalada.

Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Hakukuwa na ukurasa mwingine. Msichana alikuwa bado ananing'inia kwenye kamba!

Mara akakumbuka karatasi za karanga.

"Mayu!" aliita, kwani nyumbani kwao mama huitwa mayu. "Umechukua karatasi kwenye kitabu changu?"

"Nimechukua karatasi kwenye kikapu, kama siku zote."

"Zilikuwa na hadithi?"

"Mimi nitajuaje? Msomaji wa karatasi si wewe?"

Nyamizi alilivamia beseni la karanga za kesho. Alifungua vifurushi vyote arobaini, kimoja baada ya kingine. Alikuta hesabu za sehemu, barua ya kuomba ruhusa, na mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano. Kurasa za kitabu hakuziona. Mama alisimama akimtazama, mikono kiunoni, kisha akamwamuru afunge vyote upya. Nyamizi alifunga huku akijiuliza kama kurasa hizo zilikwisha kuuzwa stendi na kutupwa njiani.

Siku iliyofuata alifungua Daftari la Maoni, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Wanafunzi sita walikwisha kukisoma kitabu kile. Kristofa aliandika kwamba mwisho ni mzuri sana kwa sababu zimwi lilikatwa kidole kidogo, watu wote waliomezwa wakatoka. Salu aliandika kwamba aliyekuwa akicheka ni fisi aliyetumwa na mchawi. Mwingine alisema ni nyoka, mwingine akasema ni bibi wa yule msichana. Kitabu kimoja, miisho sita! Je, kila mtu alisoma kitabu chake? Au yeye ndiye hajui kusoma?

Jambo moja tu lilikuwa wazi kwake. Wote sita waliuona mwisho, yeye hakuuona. Kwa hiyo kurasa zilipotea mikononi mwake. Alitazama wino mwekundu mlangoni mwa kabati, akatazama kadi yake, kisha akashika kalamu. Akaandika: "Kitabu hiki kinatisha na kufurahisha. Mwisho wake ulinisisimua mno." Akaongeza zimwi lenye macho mawili mgongoni ili mistari itimie mitano.

Aliyefuata kwa zamu alikuwa Shifa, rafiki yake, ambaye baba yake ana duka la vitambaa mjini. Nyamizi alimwona akikikumbatia kitabu na kuondoka mbio. Akatazama pembeni.

Ijumaa, Shifa alimfuata chini ya dirisha la darasa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyamizi, ulipokisoma kile kitabu kilikuwa na mwisho, si ndiyo?"

Nyamizi aliuliza, "Kwa nini?"

"Sasa hakina. Nyumbani anayechana makaratasi ni Mboni, mdogo wangu. Baba amekasirika sana. Kesho ilikuwa aende Lamadi kwa shangazi Maftaha, akalione ziwa. Amekuwa akiulizia hilo ziwa tangu mfungo. Baba amesema haendi tena. Mtoto analia tu, anasema, 'Si mimi, si mimi.' Nami nimemwambia ni mwongo, kwa sababu wewe umeandika kwamba mwisho uliuona."

Nyamizi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona. Mtoto wa miaka mitano alikuwa anasema kweli na hakuna aliyemwamini, ilhali yeye wa darasa la sita alidanganya na kila mtu akamwamini.

"Twende kwa Mwalimu," alisema hatimaye. "Mboni hajachana kitu."

Mwalimu Milembe alikuwa akisahihisha madaftari. Nyamizi alimwamkia, kisha akaeleza yote bila kupumzika: ukurasa wa sitini na nne, vifurushi arobaini, zimwi la kubuni. Alipomaliza aliiweka kadi yake mezani.

"Mwalimu, nadhani kurasa zimefungiwa karanga. Nichukulie kadi. Lakini naomba umpigie simu baba yake Shifa leo, maana safari ni kesho."

Mwalimu hakuigusa kadi. Alikichukua kitabu, akakifungua hadi mwisho kabisa, akakileta karibu na macho.

"Njooni muone. Kurasa zikichanwa huacha kingo. Hapa pana kingo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kitabu hushonwa vipande vipande. Huu hapa uzi, haujakatika popote. Kipande cha mwisho hakikushonwa humu. Kitabu hiki kimetoka kiwandani hivi hivi."

Wasichana walitazamana.

"Lakini wale sita?" Shifa aliuliza. "Walisoma nini?"

Mwalimu alipiga simu dukani kwanza, akaongea na baba yake Shifa hadi baba huyo akasikika akicheka. Kisha akawaita wale sita. Walisimama wakiangalia sakafu. Salu alikiri kwamba alidhani kaka yake ndiye aliyechana kurasa, akaogopa. Watatu walisema hivyo hivyo, kila mmoja akiwa na mtu wake wa kumshuku. Wa tano alisema alinakili kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule.

"Na wewe, Kristofa?"

"Mimi sikufika hata nusu, Mwalimu. Lakini bibi yangu amenisimulia hadithi nyingi, na mazimwi yote mwishowe hukatwa kidole. Nikaona hili nalo litaponea wapi?"

Hata Mwalimu alishindwa kujizuia kucheka.

"Nami nina kosa," alisema. "Nilisoma maoni yenu, sikukisoma kitabu. Halafu nikaandika sheria kali hivi kwamba mtu akiona tatizo anaona heri adanganye." Alikwenda kwenye kabati, akaibandua ile karatasi ya wino mwekundu, akaandika nyingine: Ukiona kitabu kina kasoro, niambie siku hiyo hiyo.

Jumamosi, Nyamizi alifika dukani mapema na kifurushi cha karanga. Mboni alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Nisamehe, Mboni. Niliandika uongo, wewe ukapata shida."

Mboni alizipokea karanga, akafikiri. "Nilisema si mimi," alijibu, akapanda kwenye gari na baba yake.

Jumatatu Shifa aliingia darasani na bahasha yenye kitabu ndani. Shangazi Maftaha ni mwalimu huko Lamadi, na shuleni kwake kitabu kile kipo, kizima; baba alipomweleza yaliyotokea, akawaazima. Mboni alikuwa amekishika mapajani njia nzima, hakuruhusu mtu akiguse.

Mwalimu Milembe alisoma kurasa za mwisho kwa sauti. Msichana alifika chini ya kisima, akakuta chungu cha zamani kilichovunjika mdomo, na upepo uliopenya kwenye mchanga ulikuwa ukicheka humo ndani. Hapakuwa na zimwi, fisi wala nyoka. Darasa zima likashusha pumzi.

Jioni Daftari la Maoni lilikuwa na maoni mapya saba. Mwalimu alichagua ya Kristofa, akayasoma mbele ya wote: "Nimekisoma chote sasa. Mwisho wake haujanifurahisha. Chungu! Zimwi langu lilikuwa bora zaidi."

Watoto walicheka. Kristofa akajikunja kwenye dawati, akisubiri kugombezwa.

"Kaa vizuri, Kristofa," Mwalimu alisema. "Unaruhusiwa kukichukia kitabu nilichokipenda mimi. Haya ndiyo maoni, kwa sababu umesoma kwanza. Msiseme mmeona msichokiona, hata kama wenzenu wote wameandika kwamba wamekiona. Mmoja tu angeandika 'sijaona mwisho', Mboni asingelia."

Kisha akamrudishia Nyamizi kadi yake, iliyokuwa imebaki mezani tangu Ijumaa.