Nyaya Zilizochomoka

Abdullatif alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kabati la umeme, kama mtu aliyechoka akaamua kupumzika kidogo. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua. Pembeni yake finjani ilikuwa imelala ubavu, na kahawa ilikuwa imemwagika mpaka ndani ya kabati, kwenye nyaya za chini.

"Ajali," alisema Ghassan, mwenye karakana, kabla hajaulizwa.

Inspekta Turkiya hakumjibu. Alikuwa na tabia hiyo, na iliwaudhi wengi: ukimpa jibu kabla ya swali, anakutazama kama umempa chenji isiyo yake.

Karakana hiyo iko eneo la viwanda la mji wa Sur, Oman, na kazi yake ni kuunda makabati ya umeme. Mzigo wa safari hii ulikuwa mkubwa kuliko yote: makabati ya kuendeshea pampu zinazosukuma maji ya kupoza kinu cha nyuklia, katika nchi ya ng'ambo. Nje lori lilikuwa limeshawekwa tayari.

"Lori linaondoka saa ngapi?" aliuliza Turkiya.

"Baada ya laasiri. Meli haimsubiri mtu."

"Haliondoki."

"Kwa ajali tu, Inspekta?"

"Kwa maiti."

Alitoka akaitazama swichi kuu, nje ya mlango wa chumba cha majaribio. Kanuni ya pale ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: anayetia mikono ndani ya kabati anazima swichi, anaipiga kufuli lake mwenyewe, ufunguo anautia mfukoni. Kufuli la Abdullatif lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, safi, kana kwamba halikuguswa.

"Kasahau," alisema Ghassan.

"Yeye ndiye mkaguzi. Anawafundisha wengine kanuni hii, halafu leo aisahau?"

Koplo Anas, aliyekuwa akipiga picha, aliita kutoka ndani. Miguuni mwa maiti palikuwa na nyaya nyingi zilizochomolewa, ncha zake wazi. Kila waya ulitakiwa kuwa na kiunganishi, kijibomba cha shaba kinachobanwa kwa koleo mpaka kiushike waya usitoke tena. Turkiya alivaa glovu, akashika waya mmoja uliobaki kabatini, akauvuta. Ukatoka kama jino bovu. Akavuta wa pili. Ukatoka.

"Hizi zinatakiwa zitoke hivi?"

Ghassan rangi ilimtoka. "La."

"Zikichomoka huko ziendako?"

"Pampu inasimama."

"Na pampu ikisimama, kinu kikakosa maji?"

Ghassan aliinamisha kichwa. Alikuwa mfanyabiashara, si mtu mbaya, na pengine ndiyo mara ya kwanza alifikiria kuna watu upande wa pili wa ile meli. Turkiya aliamuru makabati yote yapigwe lakiri ya polisi.

Msimamizi wa mafundi, Muadh, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi, macho mekundu. Yeye na marehemu walikua pamoja, tangu wazee wao waliporudi kutoka Unguja wakapangishwa mtaa mmoja. Turkiya bint Hamdun alimjua tangu utotoni, na kumhoji mtu uliyezoea kumwamkia si kazi nyepesi.

"Shikamoo, ami Muadh."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona msiba huu?"

"Nimeuona. Nani kamwona mara ya mwisho?"

"Mie. Nlimpelekea kahawa, asubuhi."

"Alikunywa?"

"Kanywa mbele yangu. Finjani mbili na tende. Ya tatu nikamjazia, akaiweka juu ya kabati, nami nikatoka."

"Alikuwa na hali gani?"

"Ana haraka. Mtu mwenye haraka husahau kufuli." Alijifuta uso kwa ncha ya msari, kilemba chake. "Tumzike kabla ya laasiri, mwanangu. Maiti haicheleweshwi."

"Nnajua, ami. Lakini daktari kwanza."

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wameshajaa. Mjane, Mazoon, alikuwa jikoni peke yake, amesimama mbele ya bakuli lililofunikwa kitambaa. Unga wa mkate wa kumimina ulikuwa umeumuka mpaka umepita mdomo wa bakuli, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuugusa.

"Pole, Bi Mazoon."

"Tushapoa. Huu mkate, mwanangu, sijui niufanye nini. Nani ataufuturu?"

Turkiya alilitazama bakuli. "Nani aliyefunga?"

"Yeye mwenyewe, marehemu!"

"Leo Jumanne."

"Hata mie nlimwambia. Si Jumatatu, si Alkhamisi, wala hana siku za kulipa. Akasema, 'Hii ya shukrani. Kuna mtoto kanifurahisha, nikirudi ntakuhadithia.' Akanikataza nisimwambie mtu. Saumu ya sunna haitangazwi."

"Ilikuwa desturi yake?"

"Wapi! Kahawa ya asubuhi haimpiti huyo, ila Ramadhani tu. Muulize Muadh, miaka yote wanakunywa pamoja."

Turkiya alitoka nje akasimama uani peke yake. Roho ilimuuma. Alitamani awe amesikia vibaya.

Mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Umeme uliingia kiganjani na kuusimamisha moyo. Tumboni hamkuwa na kahawa wala tende. Marehemu hakula kitu tangu daku. Anas naye alileta majibu ya alama za vidole: kwenye finjani zilikuwa za mtu mmoja, Muadh. Abdullatif hakuigusa.

Lakini mwongo si lazima awe muuaji. Turkiya alijua ami Muadh ameongopa, hakujua kwa nini. Hakutaka kumkamata kwa finjani peke yake, akamwacha chini ya macho ya Anas. Jioni maiti ilipotolewa kwenda kuzikwa, Muadh ndiye aliyebeba jeneza mbele, akilia kwa sauti. Kilio kile kilikuwa cha kweli, na hilo lilimchanganya Turkiya zaidi.

Baada ya mazishi alimsogelea Ghassan.

"Viunganishi vile kabana nani?"

Ghassan alisitasita. "Shurooq. Mhandisi wetu mpya. Binti yake Muadh."

"Yuko wapi?"

"Mji wa Nizwa. Abdullatif kamtuma tangu jana. Hakuniambia kwa kazi gani."

Asubuhi Turkiya alishika njia. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake katika mji wa Ibra ulioko njiani, na magari yalijaa kandoni mwa barabara. Huko ndiko alikozaliwa, na hapiti siku hiyo bila ya kumnunulia mama yake udi. Safari hii hakusimama.

Alimkuta Shurooq Nizwa, nyumbani kwa shangazi yake, Bi Kaltham. Msichana alikuwa amevimba macho, mkoba mdogo ameuweka mapajani kama anaogopa kunyang'anywa.

"Kwa nini hukuja kuzika?"

"Baba kanikataza. Kapiga simu, kasema nibaki hapa, nisiseme na mtu."

"Hata na mimi?"

"Hata na polisi."

"Na mkobani mna nini?"

"Viunganishi. Ami Abdullatif kanituma maabara ya chuo." Aliufungua. "Vibovu vyote. Vimebanwa kwa koleo lenye meno ya waya mnene, na waya wetu mwembamba. Kwa jicho huoni kitu. Vikipata joto na mtikisiko, vinaachia."

"Nani kavibana?"

"Mimi."

"Abdullatif kagunduaje?"

"Hakugundua. Mimi nimemwambia."

Turkiya aliweka kalamu chini. "Hebu rudia."

"Nlibadilisha meno ya koleo kwa kazi nyengine, nikasahau kurudisha. Jumatatu ndo nikaona. Nkajifungia chooni, nkalia weee. Halafu nkamwendea ami. Ningefanya nini, Inspekta? Huko kuna watu wanalala na watoto wao."

"Baba yako anajua kama umesema?"

"Hajui. Nlimuomba ami asimwambie. Baba anajifakhari na mimi kwa kila mtu, nlitaka asikie kwa mdomo wangu, nikirudi. Ami akaniahidi."

Bi Kaltham alianza kulia, bila ya kujua sawasawa kwa nini. Turkiya alijua, na angetoa chochote asijue.

Walirudi Sur pamoja. Mji ulipoanza kuonekana, Shurooq alimgeukia.

"Baba kaongopa nini?"

Turkiya alimwambia. Hakuona njia ya kulipamba neno lile.

Katika chumba cha mahojiano Muadh alikaa wima, mikono juu ya meza. Turkiya alimsomea haki zake, na haki ya kuwa na wakili. Akamkataa wakili.

"Ami, ulisema Abdullatif kanywa kahawa mbele yako."

"Kanywa."

"Finjani mbili na tende."

"Ndiyo, wallahi."

"Usiape, ami. Abdullatif alikuwa amefunga."

Muadh alimtazama kama hajaelewa. "Jumanne?"

"Jumanne. Na daktari kathibitisha."

"Hakuniambia." Alisema taratibu, na sauti yake ilikuwa na malalamiko ya kweli, kama mtu aliyefichwa jambo na rafiki yake. Kisha mabega yakamlegea.

"Nlimkuta anavuta nyaya, mmoja mmoja," alisema Muadh. "Kanambia mzigo hausafiri. Nikamwambia, yakhe, zile kabana mwanangu. Ataitwa fundi mbovu mpaka kaburini, hata mwaka hajatimiza kazini. Uache uende, huko wataona wenyewe watatengeneza. Kasema hapana."

"Halafu?"

"Nkamuuliza, nani kakwambia? Kasema, siwezi kukwambia, nimetoa ahadi. Nikajua kuna mtu anamchimba mwanangu, na Abdullatif yu pamoja naye. Akageuka, akatia mikono kabatini. Kanipa mgongo."

"Swichi ilikuwa na kufuli lake."

"Ufunguo wa akiba wa makufuli yote n'nao mie. Nikafungua. Nikawasha."

"Ulijua mikono yake imo ndani?"

"Nlijua." Alivuta pumzi. "Nikatundika kufuli, nikenda kuchukua kahawa nikaimwaga. Mikono haikutetemeka, mwanangu. Nikasema, kila mtu anajua hawezi kukaa bila ya kahawa yake."

Turkiya aliandika. Kalamu ilikuwa nzito.

"Nna ombi moja," alisema Muadh. "Mie nshakwisha. Lakini Shurooq asitajwe. Sema nligombana naye kwa jambo jengine. Kosa la mwanangu lisijulikane, nisije nikawa nimemuua ndugu yangu bure."

Turkiya angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha, maungamo yako mezani. Lakini msichana alikuwa nyuma ya mlango, na jambo lile lisingebaki humo ndani hata kwa siku moja.

"Kosa lake linajulikana, ami. Kalisema mwenyewe."

"Kamwambia nani?"

"Abdullatif. Jumatatu. Ile ahadi alipewa yeye, Shurooq. Alitaka wewe usikie kwake, si kwa mtu mwengine."

Muadh aliutazama mlango.

"Na Abdullatif hakumchongea mwanao," aliendelea Turkiya. "Alimwambia mkewe kuna mtoto kamfurahisha. Ndiyo maana alifunga. Saumu iliyokuumbua ilikuwa ya kumshukuru Mungu kwa binti yako."

Mzee alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alianza kuyumba, mbele na nyuma, akilitaja jina la Abdullatif tu.

"Shurooq yuko hapa nje," alisema Turkiya. "Anataka kukuona."

"Msimtie ndani. Nakuomba, bint Hamdun. Kwa haki ya baba yako, msimtie."

Lakini Shurooq alikuwa amesikia sauti yake, na mlango haukuwa umefungwa. Aliingia na mkoba wake wa viunganishi mkononi. Alisimama mbele ya meza, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu mdogo.

"Shikamoo, baba."

Akasubiri. Muadh alimtazama, midomo inacheza, na marahaba haikuja.