Kibandiko Hakiingii Sauna

Ilpo Vauhkonen alikuwa mfagia dohani. Mjini Lahti nyumba nyingi za zamani zina jiko la kuni, na kila jiko lina dohani, lile bomba linalotolea moshi juu ya paa. Masizi yakijaa humo, siku moja nyumba inawaka. Kwa hiyo Ilpo alipanda mapaa ya watu na brashi yake, miaka thelathini na miwili. Na kwa miaka hiyohiyo alivuta pakiti moja kwa siku.

"Unafagia za watu," mkewe Armi alikuwa akimwambia, "na ya kwako imeziba."

"Ya kwangu ina fundi wake," Ilpo alijibu, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi zake zilifanana. Aliamka saa kumi na mbili, akawasha mashine ya kahawa. Kahawa haijamaliza kuchuruzika, yeye yuko roshani, gorofa ya tatu, koti juu ya nguo za kulalia, sigara mdomoni. Nje nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Moshi ulipanda hadi kwa jirani wa gorofa ya nne, na jirani akafunga dirisha lake kwa kishindo ili asikike. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Kisha nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Ilpo akasema ni ngazi. Baadaye akasema ni baridi. Mwishowe hakuweza tena kupanda paa lolote. Kazini wakampa kazi za chini: kusafisha majiko na kubeba ndoo za masizi. Mfagia dohani asiyepanda paa ni kama kinyozi asiye na mikono. Ilpo alilijua hilo, na vijana kazini hawakuacha kumkumbusha.

Katikati ya Januari daktari mpasuaji alimwita.

"Tutakuwekea nyonga mpya," daktari alisema. "Tarehe kumi na sita Machi. Lakini sigara basi. Ukiacha leo ni vizuri zaidi. Zile wiki nne za mwisho, usivute hata moja."

"Nyonga na mapafu vinahusiana nini?" Ilpo aliuliza.

"Vinahusiana kwa damu. Moshi unabana mishipa. Kidonda kinakosa hewa, kinachelewa kupona, kinaingia vijidudu. Siku hiyo tutakupima pumzi. Kama bado unavuta, nafasi anapewa mwingine, na wewe unarudi kwenye foleni. Foleni ni miezi sita."

Miezi sita! Ilpo alitoka pale akichechemea. Alifika kituo cha basi, akavuta sigara mbili kuaga.

Hakumwambia mtu. Wanaume wa kwao wakipata tatizo hulimeza, kisha hunywa kahawa juu yake. Siku ya pili Armi alimkuta jikoni anagombana na kopo la samaki.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Umeliita kopo shetani."

"Halifunguki."

"Umelishika kichwa chini, mzee."

Siku ya tatu alivuta. Akaacha tena, akavuta tena. Wiki tatu zikapita hivyo. Mwisho akaenda dukani, akachukua chingamu za nikotini na vibandiko vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi. Vinauzwa pale karibu na mlango wa kutokea, pamoja na betri na pipi. Ndani ya kila boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo, imekunjwa vizuri. Ikabaki imekunjwa vizuri.

Chingamu alizitafuna kama mtu anayetazama mpira, haraka haraka, huku akizisindikiza kwa kahawa. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Arosto, ile hamu kali ya sigara, haikusogea hata kidogo. Badala yake zikaja kwikwi na kiungulia.

"Kitu hiki ni... hik! ...ni wizi mtupu," alisema Ilpo.

Armi alimtazama akitafuna. "Ng'ombe wa baba yangu alikuwa anatafuna hivyohivyo. Ila yeye alitoa maziwa."

Ikafika Jumamosi, siku ya sauna yao. Jengo lao lina sauna moja chini kabisa, chumba cha mbao chenye jiko la mawe ya moto, na kila nyumba ina saa yake moja kwa wiki. Saa ya akina Vauhkonen ni saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili kamili ni zamu ya Marketta Hyvönen wa gorofa ya pili. Ukichelewesha mwenzako dakika tano, kesho utasoma habari zako kwenye ubao wa matangazo ngazini, bila jina la mwandishi.

Asubuhi hiyo Ilpo alikuwa amebandika kibandiko begani, kile kikubwa kuliko vyote. Akaingia nacho sauna. Kwa nini akitoe? Kimeandikwa saa ishirini na nne.

Armi akamwagia mawe maji. Mvuke ukapanda. Akamwaga tena.

"Moyo unanikimbia," Ilpo alisema.

"Uende wapi? Umeuzibia njia zote kwa masizi."

Lakini Ilpo hakucheka. Alikuwa amepauka kama majivu, na jasho lake lilikuwa la baridi. Alijaribu kusimama, kizunguzungu kikamrudisha chini. Kisha akaomba ndoo, akatapika.

Armi akafungua mlango. "Marketta! Marketta, njoo!"

Kwa bahati njema Marketta alikuwa ameshafika, anangoja zamu yake na taulo kichwani. Alikuwa mfamasia katika duka la dawa, miaka mingi. Walimtoa Ilpo pamoja, wakamlaza kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, wakafungua dirisha.

"Kifua kinauma?" Marketta aliuliza huku akimshika mshipa wa mkono.

"Hapana. Natapika tu."

"Kikianza kuuma, uniambie. Au usipopata nafuu upesi, tunapiga simu ya dharura. Hapa si pa kujikaza." Kisha akaona bega. "Ilpo! Hiki umeingia nacho humo ndani?"

"Ni cha saa ishirini na nne."

"Saa ishirini na nne za nje, bwana, si za kwenye mawe!" Marketta akakibandua, akamfuta ngozi kwa maji. "Joto linafungua mishipa ya ngozi. Dawa iliyotakiwa kuingia polepole inaingia kwa mkupuo. Ndiyo maana moyo unakimbia."

Baada ya nusu saa rangi ilimrudia Ilpo. Marketta alikuwa amepoteza nusu ya zamu yake ya sauna, jambo ambalo katika jengo lile halikuwahi kutokea hata wakati wa msiba.

Ungedhani Ilpo alipata funzo. Alilipata, lakini la upande wa pili. Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha karibu, akanunua pakiti. Armi alimkuta nyuma ya jengo, sigara ya kwanza imebaki nusu.

"Nimeshindwa," Ilpo alisema. "Bila sigara nakaribia kufa. Bora nichelewe nyonga."

Armi hakumfokea. Alizunguka, akampigia Marketta kengele, na saa tano wote watatu walikuwa mezani. Armi akamimina kahawa, na Ilpo akawaeleza yote aliyoambiwa na daktari.

"Leo tarehe nane Februari," Marketta alisema. "Wiki zako nne zinaanza tarehe kumi na sita. Una siku nane za kujifunza. Umeteleza, Ilpo. Aliyeteleza kwenye barafu hakai palepale mpaka iyeyuke. Lete maboksi."

Akakunjua zile karatasi za maelezo. Zililia kama nguo mpya.

"Kwanza, wewe unavuta sigara ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka?"

"Tano," alisema Armi.

"Nne," alisema Ilpo, kwa fahari kidogo.

"Basi mwili wako umezoea nikotini nyingi. Nikotini ndiyo inayoleta ile hamu. Moshi ndio unaochoma mapafu na kuharibu kidonda. Kibandiko na chingamu vinakupa nikotini kidogo bila moshi, kisha tunapunguza wiki hadi wiki. Kesho umpigie daktari wako umwambie unavitumia."

"Chingamu hazifanyi kazi. Nimejaribu."

"Jaribu sasa, nikuone."

Ilpo akatia chingamu mdomoni, akatafuna kwa nguvu, mkono ukaenda kwenye kikombe.

"Weka kikombe chini!" Ilpo akakiweka kama mwanafunzi aliyefumaniwa. "Kahawa inazuia nikotini isipite mdomoni. Robo saa kabla ya chingamu, na wakati wa chingamu, usinywe kahawa wala soda wala maji ya matunda. Na usitafune kama ng'ombe."

"Nilimwambia," alisema Armi.

"Tafuna polepole. Ukisikia ladha ya pilipili, acha. Ibane kati ya shavu na ufizi. Ladha ikiisha, tafuna tena mara chache, uibane tena. Nusu saa, kisha itupe. Ukiitafuna haraka unameza nikotini, inakwenda tumboni. Ndizo kwikwi zako hizo."

Ilpo alitafuna, akabana. Baada ya muda mabega yalishuka kidogo. Armi aliyaona.

"Kibandiko ni kila asubuhi," Marketta aliendelea, "kwenye ngozi kavu, safi, na kila siku mahali papya. Kabla ya sauna unakitoa. Ukishapoa na kukauka, unabandika kipya. Na jambo lingine. Unakunywa vikombe vingapi vya kahawa?"

"Kumi. Wageni wakija, zaidi."

"Moshi ulikuwa unaiondoa kahawa mwilini upesi. Ukiacha kuvuta, kahawa inakaa. Ndiyo maana unatetemeka na hulali. Kunywa nusu."

"Nusu kikombe?"

"Nusu ya vikombe vyako. Vitano."

Ilpo alimgeukia mkewe. "Sigara nimekubali. Sasa wanataka na kahawa?"

"Na arosto ikimpanda akiwa kazini?" Armi aliuliza.

"Inapanda, inafika juu, inashuka. Dakika tatu, tano. Ilpo, usipigane nayo, icheleweshe tu. Ondoka hapo ulipo. Kunywa maji. Vuta pumzi ndefu. Shika kitu mkononi."

"Na ikirudi?"

"Itarudi. Nawe uicheleweshe tena. Kila wiki itakuja mara chache zaidi. La mwisho: waambie watu."

"Watu gani?"

"Watu."

Ilpo alimtazama kana kwamba ameambiwa avuke soko uchi. Marketta hakubishana. Jioni hiyo, kwenye ubao wa ngazini, chini ya orodha ya zamu za sauna, kulikuwa na karatasi:

*Ilpo wa gorofa ya tatu ameacha sigara. Akiomba, mnyimeni. Asante.*

Kufikia Jumatatu wengine walikuwa wameongeza maneno yao. *Hatimaye! — gorofa ya nne.* Na chini yake, kwa mwandiko mwingine: *Na kuburuta viti ataacha lini?*

"Mmenianika," Ilpo alisema.

"Ukaukie hapohapo," Armi akamjibu.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa Alhamisi. Ilpo alirudi kutoka kazini, nyonga inauma, vijana wamemtania mchana kutwa. Karibu na banda la baiskeli alisimama Pentti wa gorofa ya chini, anavuta. Harufu ilimfikia Ilpo kabla ya salamu.

"Pentti, nipe moja."

"Sina."

"Unayo mdomoni."

"Hii ni yangu. Nimesoma ubao."

"Pentti! Miaka kumi nimekuwa nikikupa sigara."

"Ndiyo. Na nakohoa hadi leo."

Ilpo aligeuka. Chingamu ilikuwa mfukoni, akaitafuna polepole, akaibana shavuni. Kisha akaanza kulizunguka jengo, akichechemea kwenye theluji. Alivuta pumzi mpaka meno yakauma kwa baridi. Akapita mbele ya Pentti mara ya kwanza. Akapita mara ya pili.

"Umepoteza nini?" Pentti aliuliza.

"Dakika tano."

Alipopita mara ya tatu hamu ilikuwa imeshuka. Haikuisha, ila sasa ingeweza kubebwa mpaka gorofa ya tatu. Alipanda nayo. Armi alikuwa ameweka maji mezani na karoti iliyokatwa vipande vyembamba kama sigara. Ilpo aliishika kati ya vidole viwili, akaitazama, akaila.

Hakuvuta siku hiyo, wala iliyofuata. Jumamosi alikitoa kibandiko, akaenda sauna, akatoka mzima. Marketta aliingia saa kumi na mbili kamili.

Tarehe kumi na sita Machi nesi alimpa kifaa kidogo. "Vuta pumzi, ishikilie, pulizia hapa."

Ilpo alipuliza. Mkono wa Armi ulikuwa umeshika mkoba kana kwamba kuna mtu anataka kuunyakua.

"Mbili," nesi alisema.

"Mbili ni mbaya?" Ilpo aliuliza.

"Wavutaji huniletea ishirini. Vua viatu, bwana. Chumba kinakungoja."

Kidonda kilifunga bila tatizo. Magongo aliyaacha mwezi wa tano. Vibandiko vilishuka hadi vile vidogo, kisha vikakoma. Chingamu alibaki nayo moja tu, ya asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndiyo ngumu. Kikohozi nacho kilipungua, mpaka Armi akawa anaamka kwa hofu kwa sababu ya ukimya.

Jumapili moja ya Juni walitembea ufukweni mwa ziwa. Ilpo alitangulia. Alipita benchi la kwanza, akapita la pili.

"Wewe mzee!" Armi aliita kwa nyuma, akihema. "Unakimbilia nini?"

"Sikimbii. Natembea."

"Basi kaa hapo." Armi alinyoosha kidole kwenye benchi la tatu. "Miaka miwili nimekungoja mimi kwenye kila benchi la ziwa hili. Leo kaa wewe, uningoje."

Ilpo akakaa, akamngoja.