Kuni Iliyosingiziwa Jina

Muuza kuni yule walimwita Mapua, maana hapakuwa na kuni ya kumdanganya. Anaparua gome kwa ukucha, anatazama nyuzi za mti, ananusa. "Huu mgunga, makaa yake yanakesha. Huu mwembe, utakuliza kwa moshi bure." Na majivuno je? Weee!

Jioni moja, jua linazama, mama mmoja asiyejulikana akatua gogo mbele yake.

"Mapua, huu mti gani?"

Akaparua. Gome laini, kama kisigino cha mtu aliyetoka kuoga. Nyuzi hamna kabisa. Akanusa... kitu kama maziwa. Hakuujua. Lakini wateja walikuwa wamejaa pale, wanamtazama mdomoni.

"Mgunga tu huo."

Yule mama akacheka chinichini. "Haya. Umesema wewe." Akaliacha gogo, akaenda zake.

Wifi yake Mapua, aliyekuwa na kichanga, akaliwahi. "Nipe huo mgunga, wifi, nimchemshie mwanao maji ya kuoga."

Mapua afanyeje? Aseme hakuujua? Wamcheke? Akamtwika gogo.

Hata hajafunga biashara, moshi ukamfikia.

Ulinukia utosi wa mtoto.

Mbio! Mbio hadi jikoni kwa wifi. Gogo linaungua bila mlio, bila cheche. Wifi kampakata mwanawe, anamnusa kichwa, anamnusa tena.

"Wifi... mbona mtoto hana harufu? Kama nanusa maji..."

Na mtoto kimya. Macho wazi. Anatazama moto.

Mapua akalichomoa gogo kwa mikono mitupu, akalizamisha kwenye ndoo. Shhhh... Ndipo mtoto akalia. Mvuke ulipotulia, ndani ya ndoo mlikuwa na maji tu. Gogo hakuna. Hata kipande cha mkaa hakuna.

"Ule ulikuwa mti gani?" wifi akanong'ona. "Si uliunusa wewe?"

Mapua akainamia malengelenge ya viganja vyake.

"Mgunga. Labda ulikuwa mbichi."

Wifi akamsogezea mtoto. "Basi mnuse, mwenzangu. Mimi pua yangu imejaa moshi. Niambie harufu imerudi."

Akainama. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa...

Hapakuwa na kitu.

"Imerudi," akasema, uso unamuwaka kwa aibu.

Na wifi, maskini, akamshika ile mikono iliyoungua, akamshukuru.