Alama ya Kidole kwenye Nta

Mchana mmoja droo ya kabati la Eufrasia ilifunguka yenyewe. Haikulia hata kidogo. Miaka yote ilikuwa droo ya makelele, mpaka juzi Anselmo, mumewe, alipoisugua kwa kipande cha nta ikalainika. Lakini kulainika ni jambo moja, na kufunguka bila mkono wa mtu ni jambo jingine, jamani! Eufrasia aliitazama, akaisukuma, akarudi jikoni. Tangu wamzike Zenaida, binti yake mkubwa, hakuna kilichomshtua. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, anatafuna tortilla, chapati ya mahindi, asijue kama ni tortilla au kitambaa.

Pale kijijini Teotitlán kazi yake ilikuwa mishumaa. Tambi za uzi huning'inizwa kwenye pete ya mti, naye huzimwagia nta ya moto kwa kibuyu, tena na tena, hadi mshumaa unenepe. Mwiko wa kazi hiyo aliujua kuliko wote: masalio ya mishumaa ya matanga hayarudi kwenye sufuria. Hupelekwa makaburini yakaishie huko, maana nta iliyokesha na maiti imeshalijua jina lake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea wengine. Basi asubuhi ya baada ya mazishi akafagia sakafu, akazoa masalio ya mwanawe, akayatia sufuriani pamoja na nta mpya, akakoroga. Hakukusudia. Mikono ilifanya kazi, mwenyewe hayupo.

Na nta ikishaingia nyumbani, nani ataizuia? Anselmo aliipaka viatu vyake na nyuzi za mtambo wake wa kufumia. Hermila, binti mdogo, aliziba nayo ufa wa mtungi, akaipaka uzi aliposhona blauzi yake, akajipaka midomo iliyopasuliwa na upepo.

Ikaanza harufu. Jua likifika utosini, nyumba ilijaa harufu ya nywele za Zenaida, sabuni na moshi wa kuni. Kisha sauti ya nyayo juu ya paa, pale nta inapoanikwa kwenye mikeka: nyayo za mguu mtupu unaonata, unabanduka, unanata.

"Mama, unasikia?" Hermila alinong'ona.

"Paka."

"Paka gani huyo anatembea kwa miguu miwili?"

"Kunywa chokoleti yako."

"Siitaki. Mbona sisikii njaa, Mama? Tangu juzi sisikii."

Huyo ndiye Hermila aliyekuwa akila sahani yake na ya baba yake, mdomo haupoi kwa utani. Sasa alikaa kimya barazani, na Eufrasia alipomshika mkono ili amwinue aliukuta wa baridi na laini kupita kiasi, akakifungua kiganja akakitazama, hakina mstari hata mmoja, akageuza vidole kimoja kimoja na vyote vilikuwa vitupu, bila alama, vimepauka kwa umanjano, na nzi akaja akatua juu ya jicho la binti yake, akatembea juu ya jicho lile lililo wazi kutoka pembe hadi pembe, na Hermila hakupepesa.

Anselmo alikimbia kumwita Bibi Crescencia, mganga wa mtaa wa pili. Bibi alikuja na majani yake na yai bichi. Akampitishia Hermila yai kichwani, kifuani, mgongoni, kisha akalivunja kwenye bakuli. Likadondoka kama jiwe. Ndani yake mlikuwa na nta tupu, ya manjano.

"Masalio ya matanga uliyapeleka wapi, mwanangu?"

Eufrasia akatazama sufuria.

"Wee Eufrasia!" Bibi akashusha sauti. "Wewe, kati ya watu wote?"

"Ni Zenaida, Bibi?"

"Zenaida amekwenda zake, mwache apumzike. Huyu ni pepo asiye na kwao. Amekuta nta yenye jina akaivaa, na sasa anatafuta mwili. Kusanyeni kila kilichoguswa na nta hiyo, tukakichome makaburini. Ikibaki hata punje, amebaki nayo."

Wakakusanya. Droo, viatu, blauzi, mtungi, nyuzi zote za Anselmo na kazi yake ya mwezi mzima. Eufrasia akaenda kuinua sufuria. Juu ya nta iliyoganda palikuwa na alama ya kidole gumba, yenye kovu la mshazari. Jeraha la kovu hilo alilifunga yeye kwa mkono wake, Zenaida alipojikata kisu akiwa mdogo. Akaligusa.

Akaumia. Uchungu ulimpiga kifuani, na machozi ambayo hayakutoka kaburini yakatoka pale. Akachukua kisu, akaikata ile alama, akaificha ndani ya nguo, juu ya titi.

Makaburini, jua kali, moto uliwaka na nta ikalia kwa pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. Ilipokwisha, Hermila alipepesa macho.

"Nina njaa, Baba. Msiponipa tamale nitamla Bibi Crescencia."

"Utavunja meno, mtoto wewe!" Bibi akacheka. Kisha akamgeukia Eufrasia. "Imekwisha yote?"

"Yote."

Jioni Hermila alikuwa uani akila na kumtania baba yake, kicheko kinafika mpaka barabarani. Eufrasia alikisikia akiwa jikoni, na hakikumgusa popote. Ganzi ilikuwa imerudi. Akakitoa kile kipande, akaweka kidole chake juu ya kidole kile.

Kilikuwa na joto. Nacho kikambonyeza. Uchungu ukamrudia wote, na mwanawe ndani yake, na harufu ya nywele zake.

Uani kicheko kilikatika katikati.

"Hermila?" Anselmo aliita. "Hermila, we mtoto, vipi? Mama Zenaida! Njoo umwone huyu!"

Jiko lilikuwa linawaka mbele yake. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu na kukiachia kipande.

Eufrasia akaufumba mkono.